Maneno Chini ya Picha ya Kugo

Kimumu, Eldoret
11 Februari 2024

Kwako Shangazi Naomi,

Sasa hivi tu huyu mtoto wangu amechukua kiatu kimoja cha baba yake, akakiweka ndani ya sufuria ya ugali, akafunika, halafu akaniangalia akasema, "Mama, inaiva." Nimecheka mpaka nikasahau kumgombeza. Na kiatu chenyewe ni kile cha kazi, kimejaa simiti. Nakuandikia huku sufuria iko kwa maji na mwenyewe ameketi chini analia ati nimemharibia chakula.

Habari za Lodwar? Joto bado liko? Habari za Pasta na watoto? Sisi tuko. Kipkirui anajenga huko Yamumbi, ghorofa ya mtu fulani, anaondoka kabla hatujaamka. Mimi bado nauza mboga pale kwa steji, sukuma na managu. Mvua ikikataa hivi bei inapanda na watu wananitukana kama mimi ndio nimeifungia mahali. Nyanya Selina anakusalimia sana. Magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna shida. Alisema, "Mwambie Naomi mama yake bado hajakufa, akitaka kuniona asingoje matanga."

Shangazi, ninaandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu nikifika kwa hii habari unasema netiweki imepotea. Kila siku inapotea mahali pamoja tu, hapo hapo. Karatasi haina netiweki. Utaisoma mpaka mwisho hata kama umekasirika.

Unajua kile Chama cha Historia cha Kaplolwet. Walipewa ile ghala ya zamani ya maziwa, wakaipaka rangi, sasa wanaijaza vitu vya wazee. Mishale, vibuyu, redio kubwa kama kabati, mpaka plau ya ng'ombe. Ukuta mmoja wameweka picha za watu walioanzisha kijiji. Mwezi wa tisa watafanya Siku ya Urithi, wageni waje, kwaya iimbe, nyama iliwe. Nyanya aliwapa picha ya Kugo, ile moja tu tuliyo nayo, ile ambayo ameiweka ndani ya Biblia miaka yote bila kutuonyesha. Alitoa kwa furaha, Shangazi. Alivaa nguo ya kanisa kwenda kupeana picha.

Juzi nilienda kumpelekea dawa, nikapitia ghalani nione. Picha iko, imetiwa fremu inang'aa kama dhahabu. Kugo amesimama na lile koti lake refu na fimbo yake. Nikafurahi mpaka nikamwinua mtoto juu. "Unaona? Huyo ndiye mwenye jina lako." Halafu nikasoma maneno ya chini. Nakuandikia vile yalivyo, sijaongeza:

"Tapkigen, mjane wa Arap Lelei. Mama mcha Mungu. Hakujaliwa mtoto. Alilea yatima wawili."

Hakujaliwa mtoto! Nilisoma tena nikifikiri ni macho yangu. Yatima wawili ni nani, ni wewe na baba yangu? Mlikuwa yatima lini na mama yenu yuko hai mpaka leo na magoti yake na mdomo wake? Kaplolwet nzima inajua Kugo alifiwa na mume bila mtoto, akakataa nyumba yake ifungwe, akaoa mke kama vile mila yetu inamruhusu mama wa namna hiyo. Alipeleka ng'ombe za mahari kwa kina Nyanya Selina, wakafungwa nyasi mikononi kama maharusi wote wa kwetu, akawa mume. Nyinyi mlimwita Baba. Mimi nilimwita Kugo, vile mtoto yeyote kwetu anaita babu yake. Leo ukuta unasema hana mtoto. Basi mimi ni nani? Na huyu hapa chini na kamasi yake ni nani? Siku alizaliwa walimwitia majina ya wazee, wakaita, wakaita, mtoto ametulia tu. Walipofika kwa "Tapkigen" akapiga chafya, ndiyo dalili jina limemkubali. Wewe mwenyewe ulikuwa kwa simu, ukasikia hiyo chafya, ukacheka.

Nilimtafuta mwenyekiti, Mwalimu Johnstone, yule mwalimu mkuu aliyestaafu. Akaniambia, "Mama mtoto, hayo maneno hatukuyatunga sisi. Tulipewa na familia yenu." Nikauliza, na nani? Akaanza kutafuta miwani na miwani iko kwa kichwa.

Shangazi, wewe ndiwe kifungua mimba wa hiyo nyumba. Baba yangu Kiprono angekuwa hai nisingekusumbua. Ongea na hao watu. Wewe ukisema neno moja wataondoa.

Tena kuna hili. Nyanya hajui kusoma. Siku ya Urithi ataketishwa mbele kama mgeni wa heshima, halafu ataniambia, "Jerop, nisomee wamesema nini juu ya mzee wangu." Nimsomee nini?

Mimi mtoto wa ndugu yako,
Jerop


Lodwar
30 Machi 2024

Mpendwa Jerop,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako ilifika imelowa mafuta ya mandazi. Dereva wa basi anasema ilikaa chini ya kiti chake na hakuiona mpaka alipokuwa anatafuta spana. Namshukuru Mungu kwamba mko salama.

Huku joto limezidi. Pasta amekuwa akisafiri kwenda Kakuma kwa ajili ya makanisa mapya, na akirudi anakuwa amechoka sana. Kigen wetu anamaliza kidato cha nne mwaka huu, tuombeeni. Nimemtumia mtoto gauni la manjano. Likiwa kubwa likunje, atakua. Kuna na dawa ya kumpaka Mama magoti. Tafadhali asipake tena mafuta ya kondoo.

Kuhusu yale mengine uliyoandika. Watu wa chama wamefanya kazi nzuri, si wengi siku hizi wanaokumbuka wazee. Picha ipo ukutani, heshima ipo. Kuitwa mama mcha Mungu ni sifa njema, na maneno ni maneno tu. Wewe bado ni mdogo, una mume mzuri, una mtoto na biashara yako, usijiingize katika magomvi na wazee. Mwalimu Johnstone alinifundisha mimi, ni mtu wa busara. Mambo yaliyopita tuyaache yapite.

Watu huku wamepanda mahindi kando ya mto mwaka huu. Kama maji yatashika, tutakula mahindi ya Lodwar, jambo ambalo hukuwahi kulisikia.

Ni mimi,
Shangazi yako Naomi

Nimesahau. Hiyo picha, ni ile iliyopigwa na Mhindi mjini Eldoret? Nilidhani ilipotea.


Kimumu
16 Aprili 2024

Kwako Shangazi Naomi,

Gauni limefika, asante sana. Ni kubwa mpaka linafagia nyumba. Nilitaka kulikunja, Kipkirui akasema tusikunje, tumpe chakula. Mtoto amekataa kulivua. Leo amelivaa juu ya sweta akaja nalo kwa mboga, wateja wote wanamwita bibi harusi na yeye anawapungia mkono. Mvua imerudi, Kimumu ni matope tupu. Nyanya amepaka ile dawa, anasema inanuka kama hospitali lakini inasaidia.

Sasa Shangazi. Barua yako nimeisoma yote, nikageuza nyuma, nikachungulia hata ndani ya bahasha. Nilikuuliza kitu kimoja. Umenijibu joto, umenijibu Kakuma, umenijibu mahindi. Unasema maneno ni maneno tu. Kama ni maneno tu, mbona wameyaandika kwa ukuta na kuyawekea kioo?

Basi nikaenda mwenyewe kwa kamati yao. Walikuwa wameketi ghalani katikati ya vibuyu, Mwalimu Johnstone, na katibu wao Mama Nangila, na Zakaria wa ile duka ya njia panda, mjukuu wa mzee Nur aliyekuwa ananunua ng'ombe za watu huko. Mimi niliingia na mtoto mgongoni.

"Mama mtoto, kaa kwanza," Mwalimu akasema.

Nikasema, "Nimekaa ya kutosha. Kugo alikuwa mume wa nyumba yake na mmeandika ni mjane asiye na mtoto. Ondoeni."

Mama Nangila akaweka kalamu kwa mdomo. "Jerop, siku ya sherehe askofu atakuwa hapa. Watoto wa shule watakuwa hapa. Tutawaelezaje?"

"Mtawaeleza vile ilikuwa. Si ndiyo kazi ya chama?"

"Watu watafikiria mambo mengine."

"Mambo gani?"

Akaangalia dari. Shangazi, hapo ndipo damu ilinipanda. Wameweka mishale pale, na kila mtu anajua ilikuwa ya kwenda kuiba ng'ombe za watu, hiyo si aibu. Wameweka kiti cha mzee aliyeoa wanawake mpaka akasahau majina, hawakumwandikia "bachela mcha Mungu." Lakini mama mmoja akilinda nyumba yake, aoe kwa ng'ombe zake mwenyewe, alime, asomeshe, asimame kama baba siku kijana wake anaingia jandoni, hiyo sasa ndiyo ya kufichwa! Nikawaambia yote hayo. Mtoto aliamka akaanza kulia, nikaendelea juu ya kilio.

Zakaria ndiye alinisaidia. Akasema, "Mwalimu, babu yangu alinunua ng'ombe kwa huyo mtu miaka mingi. Alikuwa anamwita Mzee Tapkigen. Alituambia huyo ndiye mtu mmoja tu Kaplolwet aliyemshinda kwa kupatana bei. Sisi hiyo mila hatuna, lakini hakuna siku mtu wa kwetu alimwita mama. Ungejaribu ungekula fimbo." Wakacheka wote, hata Mwalimu.

Lakini baada ya kucheka Mwalimu akafunga uso tena. Akasema kwao kuna utaratibu mmoja, na ni ule ule wa wazee. Habari ya nyumba inatolewa na kifungua mimba wa hiyo nyumba. Ikishatolewa, mdogo hawezi kuibadilisha kwa kelele. "Aliyeitoa aje mwenyewe, asimame hapa, airudishe kwa mdomo wake. Barua hapana, simu hapana. Siku hiyo nitayaondoa hayo maneno kwa mkono wangu."

Kifungua mimba ni mmoja tu. Hakutaja jina, na hakuhitaji.

Kumbe ni wewe. Mimi nakuandikia nikikubembeleza uongee nao, na wewe ulikuwa ushaongea. Nilitoka pale nikatembea mpaka barabarani bila kumsalimia mtu, mpaka mama mmoja akauliza kama nimefiwa. Nimekasirika, Shangazi, na sitakuficha. Kwa nini? Nijibu hilo tu. Usinijibu mahindi.

Jerop


Lodwar
9 Juni 2024

Jerop,

Hatujambo. Mahindi yalikauka, kwa hiyo huna haja ya kuogopa kwamba nitakujibu mahindi.

Wewe ulimjua akiwa mzee wa kuota jua na kukupa sukari guru. Mimi nilimjua siku za wazazi shuleni. Alikuja na lile koti na ile fimbo, akaketi upande wa wanaume, na wasichana wa bweni letu wakajaa madirishani. "Naomi, baba yako ana matiti." Niliisikia hiyo mpaka nikamaliza shule. Mwalimu mmoja wa kike akaniuliza mbele ya darasa baba yangu wa kweli ni nani. Nyumbani kwetu hilo halikuulizwa kamwe, na hakuna aliyelikosa. Kule liliulizwa kila muhula.

Pasta anajua kwamba baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na kwamba yule mzee wa koti alikuwa mama mkubwa aliyetulea. Watoto wangu wanajua hivyo hivyo. Mwaka jana Mwalimu Johnstone alipopiga simu kuuliza habari za nyumba yetu, Pasta alikuwa ameketi hapa kando yangu anakunywa chai. Wewe ungesema nini? Nilisema alitulea. Kwani hakutulea?

Sitaki kuandikiwa tena jambo hili. Barua zako zinafika Pasta akiwa nyumbani, naye ananiuliza mtoto wa ndugu yangu ana shida gani ya kuandika kurasa nyingi hivi.

Mpake Mama magoti.

Naomi


Kimumu
21 Julai 2024

Kwako Shangazi Naomi,

Ulisema nisiandike. Ninaandika. Mwambie Pasta shida yangu ni kwamba niliacha shule kidato cha pili, kabla hatujafundishwa kufupisha.

Tuko wazima. Baridi ya huku unaijua, nauza mboga nimejifunga leso tatu. Mtoto sasa anaongea mpaka akilala. Amejifunza kusema "hiyo ni yangu" na kila kitu ni chake, hata jirani.

Shangazi, barua yako niliianza na hasira. Nilipofika hapo kwa wasichana wa madirishani nikaiweka chini, nikamchukua mtoto nikamshika tu mpaka akanisukuma. Pole. Nasema kwa moyo. Ningekuwa hapo bwenini ningewatafuta mmoja mmoja. Lakini waliokosa ni wao, na yule mwalimu wao. Kwa nini adhabu apewe Kugo?

Sasa sikia kilichotokea wiki hii. Nyanya alishindwa kungoja Siku ya Urithi, akasema nimpeleke aone picha. Nikajaribu kukataa, nikasema magoti. Akasema magoti ni yake. Tukaenda polepole. Mama Nangila alikuwa ndani anapanga viti.

Nyanya akasimama mbele ya fremu. Kusoma hajui lakini kuona anaona. Akaangalia, akasogea, akaangalia tena.

"Mimi niko wapi?"

Sikumwelewa. Nikasema, "Huyu ni Kugo, Nyanya."

"Mzee namwona. Nauliza mimi. Nilikuwa nimeketi hapo kando, kwa kiti cha yule Mhindi. Na mtoto wangu yuko wapi? Naomi alikuwa kwa mapaja yangu analia, amekataa kupigwa picha. Mzee akampa fimbo aishike ndiyo akanyamaza."

Mama Nangila akasema kwa sauti ndogo, "Tuliikunja kidogo, Mama. Ndiyo itoshe kwa fremu."

Zakaria alikuwa amekuja na soda za kamati. Akatoa kisu mfukoni, hakuuliza mtu, akalegeza fremu nyuma. Picha ikafunguka. Uko hapo, Shangazi. Nyanya ni msichana, ana shingo ndefu, na wewe uko mapajani na kofia ya sufu, uso umejaa kilio. Walikuwa wamewakunja nyuma, uso wako umelala kwa kadibodi. Kitu kimoja chako walishindwa kukunja. Vidole vyako vilibaki mbele, chini ya mkono wa Kugo, vimeshika fimbo. Mimi siku zote hizo nilidhani ni urembo wa fimbo.

Nilisema iachwe wazi. Mama Nangila akasema hawezi bila Mwalimu, na Mwalimu hawezi bila kifungua mimba. Akaikunja tena.

Halafu Nyanya akasema lile nililokuwa naogopa. "Soma basi. Wameandika nini?"

Nikaangalia yale maneno. Nikasoma hivi, kwa sauti: "Mzee Tapkigen, mume wa Selina. Baba ya Naomi na Kiprono. Babu ya Jerop." Mama Nangila alikuwa nyuma yetu, akaendelea kupanga viti. Nyanya akatingisha kichwa polepole. "Wamesema vizuri. Ni Naomi aliwaambia?"

Nikasema ndiyo.

Nimemdanganya Nyanya, na uongo wenyewe nimeuwekea jina lako. Siku ya sherehe sitaweza mara ya pili. Watoto wa shule watajaa pale na kila mtoto akiona maandishi anasoma kwa sauti, unawajua. Atasikia kwa mdomo wa mtoto wa mtu.

Tukirudi njiani alikuwa na furaha, akaniongelesha mambo ya zamani. Akanieleza harusi yako. Ati Kugo alifika na koti lake, halafu kabla ya kuingia kanisani akalivua, akaenda kuketi na akina mama. Nyanya akamuuliza kwa nini. Akasema, "Ni joto." Ilikuwa mwezi wa saba, Shangazi. Mwezi kama huu. Watu walikuwa na baridi ya kukata masikio na yeye anasema ni joto.

Sikuambii uje. Nakuambia tu kwamba ni Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa tisa.

Mtoto wa ndugu yako, na mjukuu wa Kugo,
Jerop


Kaplolwet
14 Septemba 2024

Kwako Shangazi Naomi,

Sasa hivi tu mtoto amemwendea askofu, akamvuta kanzu, akamuuliza kama hilo ni koti la Kugo. Askofu akasema hapana. Mtoto akamwambia, "Ni kubwa kama ya Kugo," akarudi zake. Amevaa gauni lako la manjano. Bado linafagia lakini kidogo.

Hujanijibu. Nimemuuliza yule dereva wa basi mpaka siku hizi akiniona kwa steji anatingisha kichwa kabla sijafungua mdomo. Ninaandika nyuma ya ile karatasi ya ratiba, nimekaa kwa mawe nje ya ghala. Sijui hata kama nitaituma. Lakini nimezoea kukuandikia nikiwa na moyo mzito, na leo ni mzito.

Watu wamejaa. Kwaya imekuja kutoka Munyaka, nyama inanukia, watoto wa shule wamepangwa mistari kama unavyowajua. Nyanya yuko mbele na ile nguo ya kanisa. Zakaria ndiye alimletea kiti, akasema kwa sauti ya sokoni, "Karibu, mke wa Mzee!" Nyanya akacheka mpaka akapanguza macho. Mama Nangila aliangalia viatu vyake.

Maneno bado yako ukutani. Niliingia asubuhi nikaangalia, nikitumaini. "Hakujaliwa mtoto." Kioo wamekisugua mpaka kinang'aa, yanasomeka hata ukiwa mlangoni.

Nimeamua, Shangazi. Maombi yakiisha Nyanya ataniita nikamsomee tena, na nitamsomea yalivyo, neno kwa neno. Halafu nitageuka niwaambie wote, askofu na watoto wa shule na kila mtu, kwamba ni uongo, na nimwinue huyu mtoto wamwone. Najua nitaambiwa sina adabu. Mwalimu Johnstone amepita hapa, akaona naandika, akasema, "Mama mtoto, tafadhali usituharibie siku." Nikamwambia siku waliiharibu wenyewe siku walikunja picha. Akasema, "Mimi mkono wangu uko tayari. Nangoja mtu." Halafu akaenda kupokea wageni.

Nami naangalia barabara kama mjinga. Kila gari ikisimama nanyoosha shingo, halafu najiambia Jerop, tulia, Lodwar si Kimumu. Hata saa hii kuna gari moja imesimama pale chini, ina vumbi ya mbali, siyo ya huku, lakini ni watu tu, kila mtu ana

Ngoja, maombi yameisha, Nyanya ameanza kugeuka ananitafuta. Na mtu mwingine ananiita huko getini, anaita jina langu kwa nguvu, anawasukuma watu wa kwaya apite. "Jerop! Jerop, uko wapi? Baba yangu wamemweka ukuta gani?" Watu wote wamegeuka. Nyanya anajaribu kusimama na magoti yake. Shangazi, hiyo sauti, hiyo sauti ni